Upande wa Akina Mama

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imenyesha tangu alfajiri na leo tumepanda viazi. Nesi wa kliniki aliniambia niandike kila badiliko nitakaloliona kwa Mwenda tangu apatwe na kiharusi mwezi uliopita, hata liwe dogo. Basi naandika. Anatembea. Anakula. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito, sasa unashika kikombe. Anaongea kama zamani, yaani kupita kiasi. Leo ameketi ukingoni mwa shamba akitoa amri kama meneja, huku mimi na jirani yetu Kiambi tukifukia mbegu. Alipojaribu kushika jembe nilimnyang'anya, tukagombana, Kiambi akacheka mpaka akakaa chini.

Nyumbani tunaongea Kimeru, lakini nimefundisha Kiswahili watoto wa Kibirichia tangu niwe msichana, na nikishika kalamu ndicho kinachokuja. Mwenda ameniona nikiandika akauliza kama hii ni ripoti yake ya muhula.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Hakuna jipya.

Jumapili, 6 Aprili

Mwenda amerudi kanisani. Watu walimsalimia mpaka akaanza kujiona askofu. "Muga, Mwenda! Muga!" Alijibu kila mtu, kisha akaenda kuketi upande wa akina baba, nami nikaenda upande wa akina mama. Hakuna sheria inayosema hivyo. Ndivyo tulivyowakuta wazazi wetu wakikaa, na kila mzee ana sehemu yake ya benchi iliyokwisha kuchukua umbo lake.

Baada ya ibada kukawa na mnada, kama kawaida. Asiye na pesa ya sadaka huleta mayai, kabichi, kuku, na mnadi husimama mbele kuviuza. Mnadi wetu ni Mwenda, tangu Sheila wetu akiwa mtoto wa mgongoni. Anaweza kuuza yai moja likanunuliwa mara tatu na kurudishwa mara mbili, watu wakicheka na mfuko wa kanisa ukijaa. Lakini leo aliketi, akanadi Kiogora, kijana mzuri mwenye sauti kama honi na utani usiofika popote.

Njiani Mwenda akasema, "Yule anauza kabichi kama mtu anasoma tangazo la kifo." Halafu akaendelea: "Mama Sheila, mkono ukikataa jembe, mdomo nimeachiwa. Jumapili ya mavuno nitasimama mimi."

Jumapili ya mavuno ni mwisho wa Julai. Nilimwambia tutaona. Moyoni nilifurahi.

Jumanne, 15 Aprili

Viazi vimechomoza. Mistari yote imenyooka, hata ile ya Kiambi.

Jioni nilimwambia Mwenda chakula kiko tayari. Nikamwambia tena. Nikamwambia mara ya tatu. Yeye na redio yake. Taarifa ya habari ilipokwisha akanigeukia kwa upole: "Mbona leo umenyamaza hivi?"

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikamjibu. Hilo alilisikia vizuri.

Ijumaa, 25 Aprili

Tena. Niandike jinsi tunavyokaa, maana nimeanza kukichukia kiti kile. Kinatazama mlango, ili aone nani anapita njiani. Redio iko dirishani, mkono wake wa kulia, kwa sababu hapo tu ndipo inaposhika mawimbi. Mimi na jiko langu tuko kushoto. Leo nilimsimulia kisa kizima cha mwanafunzi aliyeandika kwenye insha kwamba mjomba wake ni "kiumbe cha nyumbani", pamoja na kuku na mbuzi. Nilicheka peke yangu.

Jumatatu, 28 Aprili

Kliniki. Nesi amempima sikio moja moja. Yote mawili mazima, amesema, kama ya kijana. Presha nayo imeshuka.

Nimerudi nyumbani na wazo baya. Ikiwa masikio ni mazima, basi asichotaka kusikia ni mimi.

Jumapili, 11 Mei

Siku mbaya. Nitaandika yote.

Leo palikuwa na mnada mdogo wa kuezeka darasa la watoto wa chekechea, na wazee walimruhusu Mwenda ajaribu. Alivaa koti lake la kijivu. Alisimama mbele akitutazama, akina baba mkono wake wa kulia, akina mama wa kushoto. Vijana walikuwa wameweka spika yao kubwa upande wa akina baba, maana soketi iko huko, na muziki wao haukuzimwa, ulipunguzwa tu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Aliuza boga akilisifu kana kwamba analitafutia mchumba. Akina mama walipiga vigelegele, mimi nikapiga makofi. Sijawahi kupiga kigelegele maishani mwangu. Hata Sheila alipofuzu chuo nilipiga makofi tu. Ualimu unamfunga mtu koo.

Kisha akaletwa jogoo. Wambeti alimtaka jogoo yule. Wambeti ni mwenyekiti wetu wa akina mama, aliolewa huku kutoka Embu, na wanasema alipofika mbwa wa hapa walijifunza kunyamaza. Kiambi alitaja bei. Wambeti akapandisha. Mwenda akasema, "Naona bei ni ya Kiambi, hakuna mwingine?" Wambeti akapandisha tena, amesimama, mkono juu. Kiambi naye alikuwa anapiga kelele upande wa pili. Mwenda akamtazama Kiambi. "Mara ya kwanza, mara ya pili, jogoo ameenda!"

Watu walicheka wakidhani ni utani. Lakini baada ya jogoo ikawa mayai, baada ya mayai ikawa ndizi, na kila mara mama mmoja alitaja bei ya juu, kila mara kitu kikaenda kwa mwanamume. Mpaka mwisho upande wetu ulikuwa kimya kabisa. Mwenda alimaliza akitabasamu, akifuta jasho, akidhani ameshinda.

"Umeona, Mama Sheila?" akaniambia njiani. "Sijapoteza kitu."

Sikujibu. Au nilijibu, lakini nilikuwa kushoto kwake na pikipiki ilikuwa inapita.

Jumatano, 14 Mei

Leo ilikuwa zamu ya shamba langu. Sisi akina mama tunazunguka shamba kwa shamba kupalilia na kuinulia viazi udongo, na mwenye shamba hupika. Nilipika mukimo wa viazi na mahindi wa kuwatosha watu kumi na wawili. Akaja Wambeti peke yake, bila jembe.

"Mwalimu, nimekuja nikuambie kwa uso, sitaki kukusengenya," akasema. "Mzee wako ametuona sisi ni nini? Hiyo jogoo ilikuwa yangu. Watu wote wamesikia. Yeye anaangalia huko kwa wanaume tu, kama sisi ni viti."

"Amekuwa mgonjwa, Wambeti."

"Ugonjwa ya miguu na mikono, sawa. Lakini hii ni madharau. Akisimama tena Jumapili ya mavuno, sisi mavuno yetu tutabaki nayo nyumbani. Nimemaliza."

Ningemtetea mume wangu. Sikumtetea, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeanza kuamini vivyo hivyo, kwamba kiharusi hakikuleta dharau, kilifungua tu mlango ikatoka iliyokuwa ndani siku zote. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma. Nilimpakulia mukimo, akala, maana hasira ya Wambeti haijawahi kufika tumboni. Kisha nikapalilia peke yangu mpaka jua likazama.

Jumapili, 18 Mei

Hakuna aliyeketi karibu nami.

Jumamosi, 24 Mei

Ukungu umeingia shambani kwa Kiambi, majani yanaoza. Kwetu bado. Tumepiga dawa.

Jumanne, 3 Juni

Jambo la ajabu. Nilikuwa naosha masufuria, redio inasoma habari, Mwenda kitini. Nilimwita kwa jina. Hakuna kitu. Nikakata tamaa, nikaanza kuimba kimoyomoyo wimbo wa kwaya, ule tunaoimba wakati wa sadaka, kisha sauti ikatoka bila mimi kuamua. Nami si mwimbaji.

Akaingia na besi. Hakugeuka wala hakuzima redio. Aliimba nami ubeti mzima, akigonga mkono wa kiti.

Niliacha kuimba nikasema kwa sauti ileile, "Mwenda, nyumba inaungua." Akaendelea kutazama njia. Nikaimba tena. Akaimba.

Mtu anayekudharau haimbi nawe besi. Nimempigia Sheila simu. Anafanya kazi ofisini Embu na anajua watu.

"Mum, usiwe na stress," akasema. "Kuna daktari wa masikio hapa anapima vitu kama hizo. Leta buda, mtalala kwangu Manyatta."

Jumatano, 18 Juni, Manyatta

Daktari anaitwa Muchangi, ni Mwembu, mpole, na ana subira ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alikuwa ameiona picha ya kichwa iliyopigwa Februari. Alimvisha Mwenda vipokea sauti, nami akaniwekea spika ndogo ili nifuate.

Kwanza alipeleka maneno sikio la kulia tu. "Paka," akasema Mwenda. "Kiti. Mvua." Kisha la kushoto tu. "Jembe. Shuka. Ndoo." Yote sawasawa, nami nikaanza kuona aibu ya kumsumbua daktari wa watu.

Kisha akapeleka maneno mawili kwa pamoja, moja kila sikio. Kulia "ng'ombe", kushoto "kikombe".

"Ng'ombe," akasema Mwenda.

Kulia "meza", kushoto "sukari". "Meza." Kulia "barua", kushoto "nyama". "Barua." Na hivyo hivyo mpaka mwisho. Neno la kushoto hakulitaja hata mara moja. Alipoulizwa kama kulikuwa na neno jingine, alishangaa. "Lingine lipi? Daktari, wewe umesema moja tu."

Nilihisi machozi, nikajifanya natafuta leso kwa ajili ya mafua.

Daktari alituchorea kichwa kwenye karatasi, kimegawanywa mara mbili. "Ubongo uko na nusu mbili, na kila nusu iko na mahali pa kusikia," akasema. "Kwa watu wengi, maneno yanaeleweka zaidi hii nusu ya kushoto. Sasa, sikio la kulia linapeleka habari zake sana sana hapo, direct. Lakini la kushoto linapeleka sana upande wa kulia. Kutoka hapo, neno lazima livuke." Akachora mstari katikati. "Hapa kuna daraja la nyuzi. Sehemu ya nyuma ndiyo inavusha mambo ya kusikia, na kiharusi kimegusa hapo hapo."

"Lakini la kushoto peke yake nimesikia," Mwenda akasema.

"Kwa sababu kuna kinjia kingine kidogo, hakipiti darajani. Sikio la kulia likinyamaza, neno la kushoto linapita hapo polepole. Likiongea, linaziba hiyo njia. Kanisani sauti zinaingia masikio yote, kwa hivyo si kali kama hapa. Lakini kelele ikizidi upande wa kulia, wa kushoto unaona midomo inacheza tu. Wagonjwa kama wewe sioni wengi."

"Na hilo daraja, daktari, ni la serikali au la kanisa? Nijue nimlaumu nani."

Daktari alicheka. Mimi nikamuuliza habari ya wimbo.

"Ah. Wimbo, kicheko, mtu akilia, mambo kama hayo ile nusu ya kulia inayajua yenyewe kwa sehemu kubwa. Hayangoji kuvushwa." Alimvisha tena vipokea sauti, akampelekea hotuba kulia na mluzi wa wimbo kushoto. Kidole cha Mwenda kikaanza kugonga meza.

Alisema huenda ikapungua baada ya miezi, huenda isipungue. Ameze dawa za presha, na watu waongee mmoja mmoja.

Alhamisi, 19 Juni, Manyatta

Asubuhi Sheila alikwenda kazini, tukabaki tunakunywa chai.  Kisha Mwenda akahama akaja kuketi upande mwingine wangu, nikawa kulia kwake.

"Umekuwa ukiniambia nini siku hizi zote?"

"Mambo ya kawaida. Chakula. Mvua. Mjomba aliye kiumbe cha nyumbani."

"Niambie tena."

"Yote?"

"Kwani tunakimbilia wapi?"

Nikamwambia. Nilianzia Aprili. Alicheka pa kucheka, na nilipofika kwa jogoo wa Wambeti alifunika uso kwa mikono miwili. "Akina mama wote?" akauliza. "Wote wamedhani hivyo? Na wewe?"

Nilimwambia na mimi. Alinishika mkono kwa ule mkono wake wa kushoto uliopona. Nilijisikia kama niliyelipwa mshahara ambao sikujua naudai.

Jumapili, 22 Juni

Nimemweleza Wambeti. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo la kihistoria.

"Ugonjwa ya kutosikia wanawake?" akasema. "Mwalimu, hiyo wanaume wote wa Kibirichia wako nayo. Hata wangu. Na hajaenda Embu."

Tulicheka mpaka tukashikana. Lakini hajasema kama ameamini.

Jumapili, 29 Juni

Wazee wamekutana juu ya mnada. Nilipendekeza jambo rahisi: Jumapili ya mavuno, akina mama waketi upande wa akina baba na akina baba wahamie kwetu. Ungedhani nimependekeza tubadilishane waume. Mzee mmoja alisema hajaketi upande wetu tangu abatizwe. Akina mama nao wakasema upande ule dirisha halifungi na una baridi. Hoja ikafa.

Kiogora, kwa moyo mwema kabisa, akajitolea kusimama kulia kwa Mwenda na kumrudia bei za akina mama.

"Nitahitaji mkalimani wa mke wangu?" Mwenda akasema. "Hapana, kijana. Asante."

Mwishowe wakaamua. Spika itazimwa. Mwenda atanadi Jumapili ya mavuno. Akina mama wakipitwa tena hata mara moja, Kiogora anachukua kazi moja kwa moja. Mwenda alikubali. Njiani alitembea upande wangu wa kushoto, nami nikamwambia asiogope.

"Siogopi," akasema. "Natetemeka kwa baridi tu."

Jumatano, 9 Julai

Baridi kali. Ukungu wa mlimani haujainuka mpaka saa sita. Mwenda huzima redio nikiongea, akikumbuka. Akisahau, naimba. Nilimwomba ageuze kiti, akakataa. "Mwanamume hakai akiupa mlango kisogo." Baba yake alikaa hivyo, na babu yake pia.

Jumatatu, 14 Julai

Tumeanza kuchimba viazi. Vimezaa! Vikubwa, vyeupe, vingine viwili vinajaza bakuli. Akina mama watano walikuja kusaidia, na Wambeti na jembe lake. Hakusema kitu juu ya lile jambo. Alisema tu mukimo wa siku ile ulikosa chumvi.

Alhamisi, 17 Julai

Kuchimba. Mgongo.

Jumapili, 27 Julai

Naandika kabla ya kulala.

Kanisa lilijaa. Mbele palikuwa kama soko: magunia ya viazi, karoti, njegere, kondoo mmoja aliyefungwa kwenye mguu wa kinanda. Spika ilizimwa. Mwenda alivaa koti la kijivu, akasema, "Leo tutaongea mmoja mmoja, kama watu waliokwenda shule," na kwa kitambo ikawa hivyo. Akina mama walinunua karoti. Akina mama walinunua mayai, wakayarudisha, wakayanunua tena. Nikaanza kupumua.

Kisha akaletwa kondoo, na ustaarabu ukaisha.

Kondoo alikuwa mnono. Kiambi alimtaka, na wanaume watatu nyuma yake, wote wamesimama, wote wanapayuka. Wambeti alitaja bei. Akina mama wakaichanga kwa pamoja wakaipandisha, naye akaitaja tena kwa sauti ambayo ingesikika Laare. Mwenda alikuwa amegeukia kulia.

"Mara ya kwanza!" akasema, akimwonyesha Kiambi.

Wambeti aliita. Minong'ono ikaanza kwenye mabenchi yetu. Niliona Kiogora akiinuka polepole kwa huzuni, anafunga kifungo cha koti.

"Mara ya pili!"

Sikufikiri. Kama ningefikiri ningepiga makofi. Nilisimama nikafungua mdomo, kigelegele kikanitoka. Kilikuwa kibaya, kikavu, kimekatika katikati. Lakini kilikuwa kigelegele.

Mkono wa Mwenda ukabaki hewani. Kichwa chake kikageuka kushoto kama kimevutwa. Akatutazama sisi sote, kisha akanitazama mimi.

"Kuna nyumba inaungua huku," akasema. "Nani ana neno?"

"Mimi!" Wambeti akapaza sauti, na Mwenda akazidi kuzunguka mpaka sikio la kulia likawa kwetu. Alitaja bei. Mwenda akairudia neno kwa neno, na upande wetu ukalipuka.

Kuanzia hapo hakuna mama aliyetaja bei kabla ya kupiga kigelegele. Hata bibi wa mabenchi ya nyuma asiye na meno alipiga, akanunua kitunguu kimoja. Kondoo alikuja kwetu. Kiogora alifungua kifungo cha koti akaketi, na nadhani yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Wambeti alinikuta mlangoni. "Mwalimu, hiyo kigelegele yako ni mbaya sana," akasema. "Kuja Jumatano tukufundishe." Kisha akanikumbatia.

Jumatatu, 28 Julai

Tumelala mpaka jua likatoka. Hakuna jipya.

Jumanne, 29 Julai

Nimerudi kutoka shambani jioni nikakuta kiti kimegeuzwa. Redio iko palepale dirishani, inasoma habari, lakini sasa iko kushoto kwake, na jiko langu liko kulia. Mlango uko nyuma yake kabisa.

"Hutaona nani anapita njiani," nikamwambia, kwa sauti ya kawaida, bila kuimba.

"Wapite tu," akasema Mwenda. "Mtoto yule wa kiumbe cha nyumbani, umempa alama ngapi?"